Doa Jekundu Mbele ya Keshia: Namna ya Kujaribu Ramani ya Mapito ya Wateja Dukani

Mabibi na mabwana, ndugu zangu mnaotengeneza dashibodi za maduka, yaani skrini za kufuatilia yanayotokea dukani, na ninyi mameneja mnaoletewa dashibodi hizo mezani, nawashukuru kwa kunipa nafasi.

Tuanze na doa moja jekundu. Meneja wa supamaketi anafungua ramani ya duka lake kwenye kompyuta. Njia kati ya rafu zimepakwa rangi: bluu pasipo na watu, njano penye kiasi, nyekundu penye wengi. Mbele ya kaunta za malipo pamekolea wekundu. Anatazama sekunde 4, anasema: "Hapa ndipo wateja wanapopenda. Tuweke meza ya ofa hapahapa." Amebofya sawasawa, hakupotea, hakuomba msaada. Na amekosea. Ramani ile ilikuwa inajumlisha sekunde, haihesabu vichwa. Watu 30 waliosimama foleni dakika 6 kila mmoja wametoa sekunde 10,800. Watu 400 waliopita mbele ya mikate kwa sekunde 15 kila mmoja wametoa 6,000 tu. Foleni imeishinda mikate, meneja ameisoma foleni kuwa ni hamu ya wateja, na meza ya ofa inakwenda kuirefusha foleni hiyohiyo.

Kosa la namna hii majaribio mengi ya urahisi wa matumizi, yale ya kumketisha mtumiaji mbele ya programu na kumtazama anavyoitumia, hayalikamati. Kiwango cha kimataifa cha ISO 9241-11, kilichotoka 1998 na kurekebishwa 2018, kinataja mambo matatu: mtumiaji afikie lengo lake kwa usahihi, asitumie muda na nguvu kupita kiasi, na aridhike. Tunapojaribu ramani za mapito ya wateja tunahesabu sekunde, tunagawa fomu ya kuridhika, kisha lile la kwanza tunaliruka. Mshiriki ameburuta, amebofya, amechuja Jumamosi, nasi tunaandika "amefaulu". Amefaulu nini? Kazi ya meneja ni kuamua: keshia wangapi wawe zamu ya jioni, rafu ipi ihame, njia ipi imezibwa na maboksi. Jaribio lipime uamuzi huo.

Ili uweze kusema uamuzi ni sahihi, lazima wewe unayeendesha jaribio uujue ukweli wa data kabla mshiriki hajaketi. Data halisi peke yake haikupi ukweli huo, kwa kuwa hakuna anayejua kwa hakika kilichotokea mbele ya friji za maziwa Jumanne iliyopita. Kwa hiyo chukua data halisi ya wiki 5 au 6, ili ziwemo siku za mishahara na zile za katikati ya mwezi mifuko inapokauka, kisha pandikiza ndani yake matukio unayoyajua wewe. Manne yanatosha.

La kwanza ni kihisi kilichozimika, yaani kifaa cha darini kinachotambua watu wanaopita. Futa data ya kihisi kimoja kwa saa 2 za mchana. Programu nyingi huchora ukosefu wa data kwa rangi ileile ya sifuri, na mshiriki atakuambia bila kusita kwamba mchana upande ule hakuna watu. Ukosefu wa data upewe sura yake: mistari ya kijivu ya mshazari, na maneno yanayosema kihisi hakikufanya kazi. La pili ni njia iliyozibwa: punguza wapitaji wa njia moja hadi karibu na sifuri kwa siku 1, waongeze kwenye njia ya jirani, uone kama mshiriki atalihusisha hili na lile. La tatu ni wafanyakazi. Mpanga rafu anayepita njia ileile mara 60 kwa zamu huifanya njia isiyo na wateja ionekane ina soko. La nne ni idadi ndogo: kwenye eneo A wamepita watu 4, wakasimama 3, ramani ikaandika asilimia 75, kwenye eneo B wamepita 800, wakasimama 320, ikaandika asilimia 40. Mwulize mshiriki ofa iwekwe wapi. Akienda eneo A, kosa ni letu tulioficha idadi nyuma ya asilimia.

Kazi zenyewe ziandikwe kwa lugha ya dukani. Ukiandika "Tumia kichujio cha muda kuonyesha Jumamosi mchana", umekwisha kumsomea jina la kitufe, na unachopima ni kama anajua kusoma. Andika hivi: "Bosi wa mkoa amepiga simu. Jumamosi iliyopita watu waliingia wengi lakini mikate ilibaki. Anataka kujua kwa nini. Utamjibu nini?" Kila kazi iwe na karatasi yake, apewe moja kwa wakati, kazi 6 au 7 kwa kikao cha dakika 60. Baada ya kila jibu mwulize ana uhakika kiasi gani, kuanzia 1 hadi 5. Aliyekosea akiwa na uhakika wa 2 atauliza mtu kwanza. Aliyekosea akiwa na uhakika wa 5 atahamisha rafu kesho asubuhi. Hesabu majibu ya aina hii ya pili kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu hayo ndiyo yanayogharimu duka.

Naomba nikae kidogo kwenye lugha, maana hapo tunajiumiza wenyewe. Programu hizi nyingi huja kwa Kiingereza, nasi tukizitafsiri mbiombio tunazaa matatizo mapya. "Trafiki" kwa msomaji wetu ni askari wa barabarani. "Sensa" ni kuhesabiwa kwa watu nchi nzima. Kile cha darini ni kihisi, na kama ni kamera, kiitwe kamera. "Muda wa kukaa" humfanya mtu atafute viti, lakini "muda wa kusimama" unaeleweka mara moja. Hata neno "wateja" lina mtego wake. Kifaa cha mlangoni kinahesabu watu, akiwemo mtoto aliyeshikwa mkono, mlinzi anayetoka na kuingia, na mhudumu aliyekwenda kunywa chai. Familia ya watu 4 yenye kikapu kimoja ni watu 4 mlangoni na risiti 1 kwa keshia. Ndiyo maana asilimia ya walionunua huweza kushuka mwishoni mwa wiki hata kama kila familia imetoka na mzigo. Skrini iseme "watu walioingia". Kabla hamjachora chochote, andikeni maneno 12 ya skrini kwenye vipande vya karatasi, mkae na watu 5, mmoja mmoja, kila mmoja aeleze kila neno kwa maneno yake. Ni nusu saa kwa mtu, haihitaji kompyuta, na inaokoa wiki za kazi.

Halafu kuna saa. Mameneja wetu wanazungumza saa za Kiswahili, ilhali skrini na risiti zinaandika kwa mtindo wa saa 24. Mwendeshaji akisema "angalia saa kumi jioni", mmoja ataburuta hadi 16:00, mwingine hadi 10:00, na wote wawili wamekusikia vizuri. Ukimwandikia wa pili kosa, umeupotosha uchambuzi wako, maana kilichokosea ni swali. Kwenye karatasi ya kazi taja wakati kwa tukio lake: "watu wanapotoka kazini", "baada ya swala ya Ijumaa". Mwache autafute mwenyewe, nawe uandike alivyoigeuza saa kichwani. Mwambao kuna jingine: "usiku wa Ijumaa" kwa wengi ni usiku wa kuamkia Ijumaa, yaani Alhamisi baada ya jua kutua. Mnaweza kujadili data ya duka linalofunga usiku mkiwa mmekosea siku nzima, na mtu asigundue. "Alhamisi 20:00" haina utata huo.

Kagua pia saa za seva. Data mara nyingi huhifadhiwa kwa saa za UTC, saa za pamoja za dunia, na Dar es Salaam, Nairobi na Kampala ziko saa 3 mbele. Programu ikisahau kugeuza, duka linalofunguliwa 08:00 litaonekana lina watu saa 05:00. Mshiriki muungwana hatasema kifaa kimekosea. Atasema ni watu wa usafi. Maelezo yanayoingia akilini ndiyo hufunika kosa la kiufundi, kwa hiyo kila mara mshiriki anapotoa sababu, mwulize ameiona wapi kwenye skrini.

Sasa michoro yenyewe. Kasoro kubwa kuliko zote katika ramani za rangi ni kipimo kinachojinyoosha. Ukitoka Jumatatu kwenda Jumamosi, programu inapanga rangi upya kulingana na siku hiyo: nyekundu ya Jumatatu ilikuwa watu 40, nyekundu ya Jumamosi ni watu 200. Mtumiaji anaona nyekundu na nyekundu, anasema siku hizi zinalingana. Weka kazi moja mahsusi: "Kati ya siku hizi mbili, ipi ilikuwa na watu wengi zaidi mbele ya friji za maziwa?" Wengi wakikosea, fungieni kipimo kwa kipindi chote kinacholinganishwa. Kuandika tarakimu ndogo pembeni hakutoshi; macho huenda kwenye rangi kwanza.

Ya pili ni ulainishaji. Ili ramani ipendeze, programu hutandaza kila nukta kwa duara la mita kadhaa. Njia ya dukani ikiwa na upana wa mita 2 na duara likiwa na nusu-kipenyo cha mita 3, wekundu unavuka rafu kana kwamba haipo. Watu wamesimama kwenye sabuni, ramani inawaka upande wa mchele. Hili halionekani kabisa ukijaribu na watu wasiolijua duka, kwa kuwa hawana cha kulinganisha nacho. Anayeshangaa ni yule anayefanya kazi humo. Tiba yake ni kukata maeneo kwa kufuata rafu na kuhesabu eneo kwa eneo, hata kama picha itapoteza urembo. Na kama vihisi vyenu vinategemea Wi-Fi, ambayo makosa yake ya mahali hufika mita kadhaa, msiwaonyeshe watu upande gani wa rafu. Hamuujui.

Rangi za upinde wa mvua ziacheni. Njano hung'aa kuliko nyekundu, kwa hiyo jicho linaona kingo mahali ambapo data inapanda polepole, na kwa asiyetofautisha nyekundu na kijani ramani nzima inavurugika. Mfululizo unaotoka giza kwenda mwanga bila kurudi nyuma, kama ule uitwao viridis ambao Matplotlib, programu ya kuchora michoro, iliufanya wa msingi mwaka 2017, unasomeka hata ukichapishwa bila rangi. Chapeni karatasi moja nyeusi na nyeupe mkaone.

Mishale ya mtiririko kutoka eneo hadi eneo huleta shida ya kinyume. Ikichorwa yote inakuwa tambi. Ikichujwa ibaki ile ya watu zaidi ya 50, mtumiaji huamini kwamba njia nyingine hazipitwi kabisa. Skrini iseme ni mingapi imefichwa. Na zile nukta zinazotembea kama sisimizi, ambazo kila mteja wa programu huzipenda siku ya maonyesho, zipimeni kwa ukali zaidi ya vyote. Mwaka 2008 mtafiti George Robertson na wenzake walilinganisha michoro inayotembea na picha ndogondogo zilizopangwa pamoja. Washiriki waliifurahia ile inayotembea, lakini kwenye uchambuzi walikosea zaidi. Mtu hawezi kulinganisha anachokiona na kilichokwisha kupita. Picha 6, moja kwa kila saa, zimekaa sambamba, zinamfaa meneja kuliko filamu ya dakika 1.

Kabla ya kazi ya kwanza kabisa, mwombe mshiriki aonyeshe kwa kidole mikate iko wapi kwenye ramani. Wasanifu majengo huchora kaskazini juu. Mtu wa dukani huliwaza duka kuanzia mlangoni. Akizidi sekunde 10 kutafuta mikate, geuzeni ramani mlango uwe chini, na maeneo yaitwe kwa majina ya wafanyakazi wenyewe badala ya "Z14", halafu ndipo mwendelee. Jaribio lifanyike kwenye skrini anayoitumia. Laptopu ya pikseli 1366 kwa 768 haina nafasi ya ramani, mstari wa muda na ufunguo unaoeleza maana ya kila rangi kwa pamoja. Ufunguo ukishuka chini ya skrini, mtu hasogezi kuutafuta, anakisia.

Watu wangapi? Mnasikia kila mara kwamba 5 wanatosha. Hesabu hiyo ilitokana na kazi ya watafiti Jakob Nielsen na Thomas Landauer ya 1993, na inasimama juu ya dhana kwamba kila mshiriki ana nafasi ya asilimia 31 ya kukutana na tatizo fulani. Hapo watu 5 hufichua takriban asilimia 84 ya matatizo. Tatizo likiwa la kujificha, nafasi ikashuka hadi asilimia 10, watu 5 watafichua asilimia 41 tu, na ili ufike 85 unahitaji 18. Makosa ya kusoma ramani ni ya kujificha. Ushauri wangu ni vikao vya watu 5 vinavyorudiwa mara 3, kwa marekebisho katikati, na kila kundi la kazi liwe na watu wake: meneja wa duka, mpanga rafu na msimamizi wa keshia hawatazami kitu kimoja. Na msitangaze asilimia kutokana na watu 5. Wanne kati ya watano kufaulu huitwa asilimia 80, lakini kwa njia ya kitakwimu ya Wald iliyorekebishwa, kwa uhakika wa asilimia 95, ukweli unaweza kuwa popote kati ya asilimia 36 na 98.

Ukumbini wawe watu wawili tu upande wenu, mwendeshaji na mwandishi. Bosi wa mkoa asikae nyuma. Sisi tumelelewa kumstahi mgeni na kazi yake, na mshiriki akiulizwa "umeionaje?" atajibu "iko vizuri" hata kama hakuambulia kitu. Ndiyo sababu tunamwomba afanye na hatumwombi asifu. Mwambieni mapema, kwa maneno mepesi: "Tunaijaribu ramani, si wewe. Ukikwama, umetusaidia." Mwendeshaji kijana mbele ya meneja wa rika la mzazi wake atavutwa kusaidia kila mzee anaponyamaza, ajizuie, ahesabu hadi 10 kimoyomoyo, kisha aulize tu, "Unawaza nini sasa?" Mtu anayewaza kwa sauti hufanya kazi kwa mwendo mwingine, kwa hiyo sekunde za vikao hivi msizilinganishe na chochote. Mkitaka muda, fanyeni vikao vya kimya. Fanyeni pia kikao 1 cha kujipima siku moja kabla, maana karatasi za kazi huwa na kasoro ambazo hakuna anayeziona hadi mtu azisome kwa sauti.

Fomu ya SUS ya John Brooke, ya kupima mtumiaji anavyouona urahisi wa mfumo, yenye sentensi 10 zinazojibiwa kwa namba 1 hadi 5, itumieni mwishoni. Sentensi za namba witiri toa 1 kwenye jibu, za namba shufwa toa jibu kwenye 5, jumlisha, zidisha kwa 2.5. Aliyejibu 4 kwenye zote za witiri na 2 kwenye zote za shufwa anapata 75, na wastani unaotajwa kwa mifumo mingi ni 68. Ila sentensi za shufwa ni za kulalamika, na kwa Kiswahili "sikubaliani kabisa" juu ya sentensi ya kulalamika huwachanganya watu. Mtu akisifu kwa mdomo na kuponda kwenye karatasi, mrudisheni kwenye fomu. Na alama 90 kutoka kwa mtu aliyekosea kazi 5 kati ya 7 ichukulieni kama onyo.

Jambo la heshima ya watu nalisema kwa uzito. Mwaka 2013 mapipa ya taka katika City of London, eneo la mabenki katikati ya London, yalikuwa yakinasa alama za simu za wapita njia, hadi halmashauri ya pale ikataka yasimamishwe. Sisi tuna sheria zetu za kulinda taarifa binafsi: Kenya ya 2019, Tanzania ya 2022. Kabla ya kurekodi sauti na skrini ya mshiriki, pateni idhini yake iliyoandikwa na mwekeni tarehe ya kufuta rekodi. Lakini mchoro wenyewe nao unaweza kudhuru. Wakati wa jaribio sikilizeni kama kuna anayesema, "Kumbe huyu ndiye anayekwenda chooni mara nyingi." Ramani ya wateja imegeuka jicho la kumfuata mfanyakazi. Eneo lenye watu chini ya 5 kwa saa lisionyeshwe peke yake, na nyayo za wafanyakazi zitolewe kabla ya data kufika kwenye skrini.

Ripoti iwe fupi. Kwa kila kasoro andikeni aliulizwa nini, alitazama wapi, alisema nini kwa maneno yake, na duka lingefanya nini kama lingemsikiliza. Panga kwa hasara ya uamuzi huo, ukianza na makosa yenye uhakika wa 4 na 5. Mkisharekebisha, leteni watu wapya, maana waliokwisha kuiona ramani wamejifunza mitego yake. Kazi ziwe zilezile, ila kihisi kilichozimika kihamishwe kutoka kwenye mikate kwenda kwenye maziwa, na siku ya njia iliyozibwa ibadilishwe. Mkiona mshiriki mpya anasimama kwenye mistari ya kijivu na kusema "hapa sijui, data haipo", geukieni doa jekundu la mbele ya keshia mmwulize ni watu au ni sekunde.

Asanteni sana. Naamini wengine hapa wana ramani zao kwenye laptopu. Tuzifungue sasa hivi, tuanze na ile ya kutafuta mikate.